Mke wangu hataki mtoto aitwe Fumo

Shangazi, salaam aleikum.

Mimi ni mwanamume wa Langoni, Lamu. Mke wangu ana mimba yetu ya kwanza na tumeambiwa ni mtoto wa kiume. Kwetu, kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Babangu anaitwa Fumo. Mke wangu, ambaye kwao ni Malindi, hataki hata kulisikia. Asema ni jina la wazee na mtoto atachekwa shuleni. Yeye na dada zake wameshachagua Rayyan.

Rayyan ni jina zuri, sina neno nalo. Lakini mtaani kwetu akina Rayyan, Ayman na Imran wamejaa, na akina Fumo ninaowajua wote wana mvi. Mtoto akiitwa Rayyan, Fumo litakuwa jina la tatu kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Kwa watoto wake halitakuwapo tena.

Hili linaniuma, Shangazi. Fumo Liyongo nani hamjui pwani hii? Pate ilitawaliwa na akina Fumo Madi na Fumo Luti. Fumo Bakari ndiye aliyekuwa Sultani wa Witu mwaka 1890, Waingereza walipoupiga mji ule na kuuchoma. Kila tukienda kwa wakwe Malindi, basi lapita Witu hiyohiyo, na mke wangu ameketi kando yangu.

Asema pia kwamba jina la Kiarabu lina baraka zaidi. Nikamuuliza ustadhi wetu. Akanijibu kuwa majina apendayo zaidi Mwenyezi Mungu ni Abdullahi na Abdurahmani, na lingine lolote lenye maana njema halina makosa. Mke wangu alisikiliza, akanyamaza, kesho yake akarudi palepale.

Mamangu ashauri cheti kiandikwe Rayyan na nyumbani tumwite Fumo. Siliamini hilo. Binamu yangu nyumbani aliitwa Bwanaheri na kwenye cheti Fahim. Alipoanza shule, Fahim ndilo lililoshika, na leo hata mamake humwita hivyo. Jina lililoandikwa ndilo hushinda.

Baba mwenyewe hajasema kitu, wala hatasema, ni mtu wa haya. Ila aliposikia ni wa kiume alimuuliza mamangu faraghani tumeamua jina gani.

Kumlazimisha mke wangu sitaki. Yeye ndiye mwenye kubeba, na sipendi mwanangu apate jina kwa ugomvi. Nimewaza kumwendea babu yake huko Malindi aseme naye, ila nachelea ataona tumemzunguka wavyele wa pande zote mbili. Au nimwambie huyu awe Fumo, na watakaofuata achague yeye? Nataka tuwe tumeshapatana kabla ya akika. Wewe ungeanzia wapi?

Baba mtarajiwa,
Langoni, Lamu