Mhariri, tuambieni pia ni mwezi gani wa kupanda mchicha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini niongee na wenzangu wa mjini, hasa sisi wa Dar na Pwani tunaolima nyuma ya nyumba, kwenye viroba, kwenye ndoo mbovu, popote palipobaki kaeneo ka udongo. Kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa utabiri wa masika nyie mnaandika vizuri tu, wa mabondeni wahame, wakulima wa mahindi wajiandae, wavuvi wawe makini, lakini mtu mwenye matuta yake mawili ya mchicha pale uani hakuna anayemwambia kitu, na mjini huku watu wa aina hiyo ndo tuko wengi.

Matokeo yake hapa mtaani kwetu Kivule naona jambo lilelile kila mwaka. Mvua za kwanza za Machi zikianguka kila mtu anashika jembe, mbegu zinanunuliwa, watoto wanachota samadi, alafu ikifika Mei bustani zote zimekufa na watu wanasema ardhi ya huku mbovu. Ardhi haina kosa jamani, tunapanda mboga laini kwenye mwezi ambao sio wake.

Na mimi yalinikuta, 2024, mwaka ule wa mvua nyingi ambao mwanzoni mwa Mei na kimbunga Hidaya kikaja. Mwanzoni mwa Aprili nilisia mchicha matuta matatu, siku ya nne ukaota vizuri, vijiti vyekundu vyembamba kama uzi. Usiku ikaja mvua moja tu. Asubuhi natoka nakuta matuta yamekuwa bapa kama sakafu, miche yote imesombwa ikajikusanya kona moja ya mfereji, imebanana kama manyoya ya kifaranga, kwingine kote ni kichanga kitupu. Ile michache iliyopona majani yake yalikuwa yamerukiwa tope kwa chini, wiki mbili baadae ukiligeuza jani unakuta vipele vyeupe, mboga haifai hata kuuza. Nilikaa nikaumia kweli maana mbegu nilinunua na samadi nilinunua.

Tangu hapo masika nayachukulia tofauti. Ni wakati wa kupanda vitu vinavyokaa, yaani matembele, mihogo ya kisamvu, mpapai, mgomba, maboga kwa ajili ya majani. Matembele ndo rahisi kuliko vyote, omba marando kwa jirani hakuna atakayekunyima, kata vipande kama rula ya shule hivi, sentimita 30, fukia nusu yake ukiwa umelaza kidogo, macho matatu manne yawe chini ya udongo. Mvua inamaliza kazi iliyobaki. Baada ya mwezi na kitu unaanza kuchuma ncha, ila usichume shina lote mpaka likabaki uchi, acha majani ya chini lipate nguvu ya kuchipua. Mimi tuta langu moja linatulisha mara mbili kwa wiki watu sita.

Kazi kubwa ya masika lakini ni kitalu, na hapa ndo wengi tunapitwa. Kati kati ya Mei mvua zinapoanza kulegea, chukua beseni bovu, toboa chini, weka udongo debe mbili kwa samadi iliyooza debe moja. Nasisitiza iliyooza, samadi ya kuku ikiwa bado inawasha pua inaunguza miche yote, iache miezi miwili mitatu kwanza. Chora mistari kwa kidole, sia chainizi, sukuma, nyanya, hoho, fukia kidogo sana, funika na nyasi. Siku utakayoona vichwa vinatoka toa nyasi hapo hapo usingoje kesho, miche inarefuka kama njiti inatafuta mwanga, alafu weka kivuli cha makuti juu kwa juu ili matone makubwa yasiipige. Wiki tatu mpaka nne miche mingi iko tayari, hoho ndo inachelewa kidogo, na hapo umeshaingia Juni.

Juni, Julai, Agosti! Kipupwe ndo msimu wetu wa mboga watu wa Pwani na sijui kwanini hatuambizani. Jua limepoa, usiku kuna kaubaridi, mvua ni za kupita, magonjwa ya ukungu yanapungua, chainizi inatoa majani mapana kama sahani. Hamisha miche jioni na sio asubuhi, mwagilia kabla na baada, nyanya ipe nafasi ya nusu mita na kijiti cha kuegemea. Mchicha nao rudia saa hii, mbegu zake ndogo sana changanya na mchanga mkavu kiganjani ndo umwage, usipofanya hivo zinaanguka fungu moja. Siku 21 mpaka 28 unakula, na ukiukata juu kidogo ya ardhi badala ya kung'oa unachipua tena.

Adui wa kipupwe ni vidukari, wale wadudu wadogo wanaojaa chini ya jani la chainizi na kulikunja. Mi natwanga majani mabichi ya mwarobaini, naloweka usiku kucha, nachuja na kitambaa, naweka sabuni kidogo, napulizia jioni chini ya majani, narudia kila baada ya siku tano sita. Kwa kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani ya nyanya, mwenye asili ya Amerika Kusini aliyeingia kwetu 2014, mwarobaini peke yake haukutosha kwangu, kila asubuhi napita nachuma jani lolote lenye michirizi myeupe nalichoma moto, sio kulitupa pembeni.

Vuli, Oktoba mpaka Disemba, panda kunde, bamia, mlenda, mchicha kidogo kidogo, ila usiitegemee sana kwa maji. 2022 vuli ilichelewa, Mto Ruvu ukapungua tukaingia kwenye mgao Dar nzima, na waliokuwa na bustani za bomba tu walizipoteza. Mimi niliokoa zangu kwa maji ya kuoshea mchele na mboga na maji ya suuza ya mwisho, yale yenye povu usiyamwagie bustani, na kila shina nikalizungushia matandazo ya nyasi kavu nene kama kiganja. Ukifunua hapo chini saa nane mchana udongo bado una unyevu. Januari na Februari ni hivo hivo, bamia na bilinganya zinavumilia, nyanya itakudondoshea maua kwa joto kwahiyo usijisumbue, tumia muda huo kuozesha samadi.

Kuhusu mbegu niseme moja. Niliwahi kununua kwenye duka fulani linalopima kwa kijiko kutoka kopo lililo wazi, haikuota hata moja. Nunua pakiti yenye lebo ya TOSCI, ile taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na usome tarehe, na kama una wasiwasi weka mbegu kumi kwenye kitambaa kibichi siku nne tano uhesabu zilizoota kabla hujachosha mgongo.

Sasa Mhariri, hii kalenda yangu ni ya Pwani. Mtu wa Dodoma au Singida ana msimu mmoja wa mvua, Novemba mpaka Aprili, na kule Njombe na Makete Julai kunaweza kushuka jalidi ikaua nyanya zote usiku mmoja, akifuata ya kwangu nitakuwa nimemponza. Utabiri wenyewe unatolewa kwa kanda, kwahiyo naomba mkichapisha utabiri wa msimu muweke na kapembe kadogo, kanda kwa kanda, ka kumwambia mtu wa uani apande nini na asipande nini, na bwana shamba wa kila kanda aulizwe. Nafasi ya tangazo moja dogo inatosha.

Beseni langu la chainizi liko hapa mlangoni naandika naliangalia, jana zimetoka vichwa na nyasi nimeshaziondoa, Jumamosi naongeza makuti.

Msomaji wenu,
Kivule, Dar es Salaam