"Chukueni tahadhari" ya mafuriko, ipi hasa?

Ndugu Mhariri,

Kila tangazo la mvua kubwa huishia kwenye maneno "chukueni tahadhari", na msomaji akaachwa hapo hapo. Tunaomba nafasi tuieleze hiyo tahadhari, hasa ile ya baada ya maji kutoka, maana hapo ndipo watu huharibu zaidi.

Kabla ya mvua, zibua mitaro, na ukague misumari ya mabati kwenye kingo na pembe za paa, kwani upepo huanzia huko kulifunua. Viroba vya mchanga vijazwe nusu, visizidi theluthi mbili. Kiroba kilichoshindiliwa hadi mdomoni hakilaliani na mwenzake, na maji hupita katikati. Vipange kama matofali, kila kimoja kikalie kiungio cha viwili vya chini, uvikanyage, kisha utandike nailoni upande wa maji. Kingine kiweke juu ya tundu la choo na la bafu. Maji machafu hurudi kwa njia hiyo hata mlango ukiwa umezibwa barabara. Mtungi wa gesi ufunge, kisha uukaze kwa kamba, kwa sababu huelea na kung'oa mpira wake.

Swichi kuu izimwe mapema, ukiwa umesimama pakavu. Maji yakishafika hapo, usiiguse. Wala usijaribu kuvuka maji yanayokwenda kasi: sentimita 15 zinatosha kumwangusha mtu mzima.

Maji yakitoka, wenye bima wapige picha kila chumba pamoja na alama ya maji ukutani kabla ya kugusa kitu. Kisha tope, tena likiwa bado bichi. Likikauka hugandamana na kutimua vumbi lenye vijidudu. Vaa buti za mpira na glavu, kwani maji hayo yamepitia vyooni. Sabuni hutangulia, klorini hufuata. Wengi humwaga klorini juu ya tope, na uchafu unaimaliza nguvu kabla haijaua chochote. Kikombe kimoja cha dawa ya klorini ya kufulia kwa lita 20 za maji kinatosha kwa sakafu na kuta. Kamwe usiichanganye na asidi ya kusafishia choo wala amonia. Gesi yake huunguza mapafu.

Godoro la sponji lililolowa maji hayo ni la kutupwa, hata ukiliona limekauka. Ukungu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo fungua madirisha yote mvua ikiisha, na kabati zisogezwe mbali na kuta.

Sasa rangi. Haraka ya kupaka rangi ndiyo kosa linalogharimu kuliko yote. Ukuta hunyonya maji yakapanda juu ya alama unayoiona, na hukauka kwa majuma, pengine miezi. Rangi ya mafuta huyafungia ndani: inavimba, inabanduka, na chumvi nyeupe inatokeza. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zake kwa utepe, usubiri siku nzima. Ukikuta matone nyuma yake, subiri tena.

Soketi na swichi zilizozama zibadilishwe, si kuanikwa. Tope linalobaki ndani hupitisha umeme na kuwasha moto. Umeme usirudishwe kabla fundi hajapima nyaya. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka madirishani. Kibaraza si nje: kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo katika moshi wake, haina harufu, nayo huingia kwa mlango.

Maji ya kunywa chemsha. Ukikosa kuni au gesi, tia matone 2 ya klorini isiyo na manukato, ya asilimia 5 hadi 6, kwa kila lita, usubiri dakika 30. Yakiwa na tope, yachuje kwanza na utie matone 4. Kisima kilichofunikwa na mafuriko hakitibiwi kwa matone ndooni. Kitolewe maji, kisafishwe, kitiwe klorini kizima, na maji yake yapimwe kabla mtu hajayanywa.

Wako,
Mafundi wa ujenzi na umeme