Shusha mabega, shoga yangu

Kibirizi, Kigoma

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Pole sana na kuuguza mama. Unasema unaamka usiku meno umeyauma, shingo imekaza, na kila mtu anakwambia usiwaze. Maneno hayo hayakusaidii kwa sababu aliyeshtuka ni mwili. Adrenalini na kotisoli, homoni za mshtuko, zimejaa kwenye damu, moyo unakwenda mbio, tumbo linakataa chakula. Anza na mwili kwanza, mawazo yatafuata.

Kuna neva ndefu iitwayo vagasi. Inatoka chini ya ubongo, inapita shingoni, inafika moyoni hadi tumboni, na ndiyo inayoupunguza moyo kasi. Shika mshipa wa mkono, upumue taratibu: ukivuta hewa mapigo yanaongezeka kidogo, ukitoa yanapungua. Kwa hiyo kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, toa hadi 6 au 8, dakika 5 hivi. Ukisikia kizunguzungu, pumua kawaida.

Ukiwa kitandani, kaza ngumi kwa sekunde chache, kisha achia ghafla. Pandisha mabega hadi masikioni, achia. Halafu taya, tumbo, mapaja, mpaka nyayo. Daktari mmoja wa Chicago, Edmund Jacobson, alikuwa akiwafundisha watu kukaza na kulegeza misuli hivi tangu miaka ya 1920. Mimi nikitoka kugeuza dagaa juani, mgongo umekufa, hiyo ndiyo dawa yangu. Mkono unakuwa mzito, wa moto, na usingizi unakuja wenyewe.

Lakini kwako wewe naona kubwa kuliko yote ni kwaya. Kwa nini uliiacha? Huwezi kuimba ubeti mzima bila kutoa pumzi polepole, tena uko na wenzako. Hata akina mama wa hapa mwaloni huimba wakianika, na mabega yao huyaoni yamepanda.

Ila kifua kikibana na maumivu yakashuka mkononi, usihesabu pumzi, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Mwombe wifi akae na mama jioni za mazoezi. Akisita, niambie, nitampigia mwenyewe.

Ni mimi shoga yako wa Kibirizi