Barua kwa Rafiki Kuhusu Kirusi cha RSV

Mbeya,
Julai 2025

Rafiki yangu mpendwa Atupele,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako kutoka Makete nimeipokea, nami nimelitafakari sana swali lako: inakuwaje mtoto aliyeugua mwaka jana kwa RSV, kirusi kinachoshambulia njia ya hewa, alazwe tena msimu huu wa baridi, akipumua haraka na kifua kikibonyea vilevile, na je, hiyo ni dalili kwamba kirusi kimebadilika?

Kwanza, kuugua tena peke yake si ushahidi wa mabadiliko. Kinga inayoachwa na RSV hufifia mapema, kiasi kwamba mtu anaweza kuambukizwa upya hata na kirusi kinachofanana sana na kile cha awali. Hata hivyo mabadiliko yapo, tena ni makubwa. Kirusi hiki kina makundi mawili, A na B, na jenomu yake, yaani jumla ya vinasaba vyake, ina herufi za kinasaba zipatazo 15,200. Sehemu inayobadilika kuliko zote ni jeni ya protini G, ambayo kwayo kirusi hujishikiza kwenye seli za njia ya hewa. Mwaka 1999 huko Buenos Aires kilipatikana kirusi cha kundi B ambacho kipande cha herufi 60 cha jeni hiyo kilikuwa kimejirudia, na kizazi chake kikaenea duniani. Kisha, katika sampuli za Ontario, Kanada, za msimu wa baridi wa 2010 na 2011, kikaonekana cha kundi A chenye marudio ya herufi 72, ambacho kilipewa jina la ON1. Kufikia mwaka 2012 kilikuwa kimeshatambuliwa Kilifi, Kenya, kwa jirani zetu kabisa, na baada ya miaka michache karibu virusi vyote vya kundi A vilivyosomwa vilikuwa vya ukoo huo.

Protini F, inayounganisha utando wa kirusi na wa seli, hubadilika kidogo sana, na ndiyo maana chanjo na dawa za kingamwili, yaani protini za kinga zinazokishika kirusi, huilenga hiyo. Lakini "kidogo" si "kamwe", na hapa ndipo moyo wangu unapokosa utulivu. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba kingamwili iliyoitwa suptavumab imeshindwa kuwalinda watoto njiti katika majaribio, kwa sababu virusi vya kundi B vilivyokuwa vikizunguka wakati huo vilikuwa na mabadiliko mawili tu kwenye protini F, mahali pale kingamwili hiyo inaposhika. Mabadiliko mawili, Atupele, yakaangusha kazi ya miaka!

Mwaka huu Shirika la Afya Duniani limependekeza chanjo ya wajawazito, inayochomwa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, au sindano ya kingamwili ya nirsevimab kwa mtoto mchanga. Nafurahi kwa dhati, kwani kati ya watoto wapatao 100,000 wa chini ya miaka mitano wanaokufa kwa RSV kila mwaka, wengi mno ni wa nchi kama yetu. Lakini kinga hizo zitakapofika Mbeya, Njombe na Iringa, tutajuaje kama kirusi kinaanza kuzikwepa, ikiwa hatukusoma vinasaba vya kile kilichokuwapo kabla ya kinga hizo?

Kwa hiyo nakuomba uzungumze na mganga mfawidhi wako kuhusu kuomba kibali cha kuhifadhi sampuli za puani za watoto wanaolazwa kwa nimonia, baada ya wazazi kuelezwa na kuridhia. Kila sampuli iandikiwe tarehe, umri wa mtoto na kata anakotoka, na itunzwe kwenye baridi kali tangu siku ya kwanza, maana vinasaba vya kirusi hiki huharibika upesi kwenye joto. Ikiwezekana, andikeni pia kama mtoto ana kaka au dada anayesoma, kwa sababu ufuatiliaji wa kaya kule Kilifi ulionyesha kwamba mara nyingi wanafunzi ndio wanaomletea mtoto mchanga maambukizi. Akikubali, niandikie mapema ili nianze kuulizia huku ni maabara ipi inayoweza kuzipokea.

Wako akupendaye,
Tumaini