Ada za mawakili Ireland: mteja aelezwe kabla ya kutia saini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ada za mawakili nchini Ireland, ambako wanaishi ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili, wakiwemo Wakongomani waliopokelewa huko kama wakimbizi. Nimekuwa nikiwakalimania baadhi yao katika ofisi za mawakili mjini Dublin, na kinachonisikitisha ni kwamba sheria ya kuwalinda ipo, tena nzuri, lakini wanaopaswa kunufaika nayo hawaifahamu.

Kifungu cha 150 cha Sheria ya Kusimamia Huduma za Kisheria ya mwaka 2015 kinamtaka wakili, mara anapokubali kazi, ampe mteja taarifa ya maandishi inayotaja gharama, au, ikiwa bado haziwezi kujulikana, msingi utakaotumika kuzikokotoa, pamoja na kodi ya VAT, ambayo kwa huduma hizi ni asilimia 23. Hali ikibadilika kiasi cha kuongeza gharama kwa kiwango kikubwa, taarifa nyingine lazima itolewe. Aidha, isipokuwa katika madai ya deni, wakili haruhusiwi kujipangia asilimia ya fidia atakayopata mteja wake.

Masharti haya si ya kupuuzwa, na anayetaka kujua umuhimu wake aangalie yaliyowapata watu waliodhulumiwa utotoni katika shule na makao ya watoto, mengi yakiwa chini ya mashirika ya kitawa ya Kikatoliki. Mwaka 2002 Bunge la Ireland lilipitisha sheria ya kuwalipa fidia kupitia bodi maalumu, na zaidi ya watu 15,000 walilipwa. Bodi hiyo ililipa gharama za wakili kando, bila kugusa fidia ya mwathirika. Hata hivyo, mwaka 2005 ilifichuka kwamba baadhi ya mawakili, wakiwa wamekwisha kulipwa na bodi, walikata fedha nyingine kutoka katika fidia ya wateja wao. Waliokatwa walikuwa watu ambao tangu utotoni hawakuzoea kumhoji mwenye mamlaka, na wengine hawakupata elimu ya kutosha kuusoma waraka waliowekewa mezani. Kuna waliouita mkasa huo mgogoro wa ada. Mimi siukubali msamiati huo: kulipwa mara mbili kwa kazi moja ni utovu wa maadili ya taaluma, na kurudisha fedha baada ya kubainika hakufuti kosa.

Ndiyo maana naumia ninapoona hali ya namna ile ikijirudia kwa sura nyingine. Mteja anasogezewa kurasa mbili tatu za Kiingereza, anaonyeshwa kwa kidole mahali pa kusaini, kisha ananigeukia na kuniuliza, “Ndugu, mwishoni mimi nitabaki na pesa kiasi gani?” Swali hilo ndilo taarifa ya gharama ilipaswa kulijibu. Sheria yenyewe inasema taarifa iandikwe kwa lugha iliyo wazi ambayo mteja anatarajiwa kuielewa, na kwa mtu asiyesoma Kiingereza sioni sharti hilo linatimizwaje pasipo mkalimani au tafsiri. Isitoshe, taarifa hiyo hutaja muda wa mteja kutafakari, usiozidi siku 10 za kazi, ambapo wakili haanzi shughuli isipokuwa kwa dharura. Wengi wanasaini siku ileile kwa kudhani kwamba wakichelewa kesi itapotea.

Aliyekwisha kutozwa kupita kiasi bado ana pa kwenda. Tangu Oktoba 2019, Mamlaka ya Kusimamia Huduma za Kisheria hupokea malalamiko bila malipo, yawe ya huduma duni, ada kubwa mno au utovu wa maadili. Kwa mambo mawili ya kwanza kuna ukomo wa miaka 3, kwa hiyo asikae na ankara kabatini.

Ombi langu kwa mawakili wa Ireland na kwa Mamlaka hiyo ni kwamba taarifa ya gharama isomwe na kufafanuliwa kwa Kiswahili kabla kalamu haijatolewa, na mteja aondoke na nakala yake mkononi. Na kwa viongozi wa jumuiya zetu kule: mtu asiyejua Kiingereza asiachwe aende peke yake kwa wakili.

Msomaji wenu,
Dublin, Ireland