Tukimkamata asiye yeye, aliye yeye yuko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu watoto wanaopotea, na hasa kuhusu haraka yetu ya kutaka mtu akamatwe. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali hapa Mtwara mjini. Kila ikisambaa sauti ya WhatsApp kwamba kuna Noah nyeusi inakusanya watoto, wazazi hunipigia simu kabla hata sijanywa chai. Swali lao huwa moja: polisi wanangoja nini kumkamata?

Wanaouliza hivyo natamani waijue kesi ya Ashikaga, huko Japani.

Ashikaga uko mkoa wa Tochigi na umepakana na Ota, mji wa mkoa jirani wa Gunma. Kati ya mwaka 1979 na 1996, watoto watano wa kike, wa miaka minne hadi minane, walichukuliwa katika miji hiyo miwili, ndani ya eneo la kilomita 20 hivi. Wanne walikutwa wameuawa. Wa tano, aliyetoweka Julai 1996, hajaonekana hadi leo. Watatu kati yao walipotelea kwenye kumbi za pachinko, ile kamari ya mashine wanayoipenda Wajapani. Mzazi yupo kwenye mashine, mtoto anazungukazunguka. Tusiwacheke. Msimu wa korosho, malipo yakiingia, nani hajaona mtoto wa umri huo akizurura peke yake huku mama yake amesimama kwenye foleni ya benki tangu alfajiri?

Mei 1990 mtoto wa miaka minne alitoweka kwenye ukumbi mmojawapo, na maiti yake ikaokotwa kesho yake kando ya mto Watarase. Watu wakaja juu, polisi wakabanwa. Hatimaye shaka ikamwangukia dereva wa basi la chekechea, mwanamume wa makamo, asiye na mke. Walimfuatilia takribani mwaka mzima. Wakachukua takataka alizotupa nje ya nyumba yake, wakapima vinasaba (DNA) kwa kipimo ambacho wakati huo kilikuwa kipya kabisa, na majibu yakasema ni yeye. Desemba 1991 walimfuata asubuhi na mapema, wakamhoji kutwa nzima bila wakili pembeni yake. Usiku alikuwa amekwisha kukiri. Baadaye akakiri hata vifo vya watoto wa 1979 na 1984, ambavyo hakushtakiwa navyo.

Maelezo hayo ya kukiri yalisema alimpakia mtoto kwenye baiskeli. Sasa, walikuwepo mashahidi waliomwona mwanamume akitembea kwa miguu na mtoto wa kike, wakishuka kuelekea mtoni. Ushahidi wao haukulingana na baiskeli, basi ukawekwa kando. Mimi si mpelelezi, lakini hapo ndipo ninapoona kesi ilipofia. Waliokuwa na macho waliachwa, akaaminiwa mtu aliyechoka.

Mwaka 1993 alihukumiwa kifungo cha maisha, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2000. Katikati ya hapo, akiwa ndani, ndipo alipotoweka yule mtoto wa 1996. Kamera ya ukumbi ilimnasa mwanamume aliyevaa kofia na miwani ya jua, amekaa karibu na mtoto, akimsemesha na kumwonyesha nje kwa mkono. Lakini Ashikaga kesi ilikuwa imefungwa na mhalifu yuko gerezani, kwa hiyo nani angeyaunganisha mambo hayo mawili?

Vinasaba vilipimwa upya mwaka 2009 kwa njia bora zaidi. Hakuwa yeye. Aliachiwa Juni mwaka huo, baada ya miaka 17 na ushee, na Machi 2010 mahakama ikamsafisha. Majaji watatu wakasimama na kumwinamia kumwomba radhi. Ni heshima kubwa, sikatai. Ila kwa sheria ya Japani ya wakati ule, muda wa kushtaki mauaji yale ulikuwa miaka 15, nao uliisha Mei 2005. Ukomo huo ulifutwa Aprili 2010. Kwa mauaji ya 1990 ilikuwa too late kwa kila mtu: hata muuaji angejitokeza mwenyewe asingeshtakiwa. Na kuna mtu mwingine, wa mkoa wa Fukuoka, aliyehukumiwa kwa mauaji ya watoto wawili ya 1992 ambapo kipimo cha aina ile ile kilikuwa sehemu ya ushahidi. Huyo alinyongwa Oktoba 2008. Familia yake imeendelea kuomba kesi isikilizwe upya, lakini mwenyewe hayupo. Nasi adhabu ya kifo bado imo katika sheria zetu.

Huku kwetu mara nyingi hatufiki hata mahakamani. Oktoba 2016, kijiji cha Iringa Mvumi, Chamwino, watafiti wawili wa udongo kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, na dereva wao, waliuawa na wanakijiji walioambiwa kuwa ni wanyonya damu. Tusiseme hiyo ni Dodoma. Nimeona kwa macho yangu, kijiji kimoja cha Mtwara Vijijini, kijana wa kangomba, yaani wanunuzi wa korosho wa kinyemela, aliyekuja na pikipiki kunusa korosho kabla ya minada. Aliuliza watoto njiani, "Baba yupo?" Dakika chache baadaye alikuwa amezungukwa, na mzee mmoja ninayemheshimu ameshika tofali. Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyemwingiza ofisini na kufunga mlango. Kangomba ni kosa, ndiyo, lakini si kosa la tofali.

Shuleni kwetu yupo dereva wa bajaji anayerudisha watoto nyumbani. Ni mseja, mpole, anawajua wote kwa majina. Mtoto mmoja akipotea kesho, jina la kwanza kutajwa ni lake. Ahojiwe, sawa. Sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai imeweka muda wa saa 4 za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, unaoweza kuongezwa kwa utaratibu. Nashauri mahojiano hayo yarekodiwe kwa picha na sauti toka mwanzo hadi mwisho, si pale tu anapokiri. Japani wamelazimisha hivyo kwa kesi nzito tangu 2019.

Wazazi nao, acheni imani ya kwamba lazima yapite masaa 24. Mtoto asipoonekana, nenda kituoni saa hiyo hiyo, chukua RB, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, au piga 116, haina malipo. Sema alivaa nini na nani alimwona mwisho. Usianze na nani unamshuku.

Swali langu la mwisho ni kwa makamanda wa polisi wa Mtwara na Lindi, na ningefurahi wakijibu kupitia gazeti hili. Mtoto akipotea Masasi na mwingine Nachingwea, mikoa miwili lakini watu wale wale na magulio yale yale, je, kuna ofisa mmoja anayesoma majalada yote mawili?

Mwalimu wa awali,
Chikongola, Mtwara