Kitabu chako utakitangaza mwenyewe, shoga

Shoga yangu,

Voisi noti yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilikuwa kwenye daladala sikusikia vizuri, ya pili usiku watoto wameshalala. Hongera jamani! Nimefurahi mpaka nikamwamsha baba watoto nimwambie kitabu chako kimetoka. Ila pale uliposema huwezi kuanza kujinadi mtandaoni kwa sababu kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, hapo nikaona nikuandikie kabisa, maana kwenye simu utanikatiza.

Hiyo methali mi naikubali kwa embe. Embe likiiva linanukia, mtu anapita zake anageuka mwenyewe. Kitabu hakinukii shoga, kimefungwa, uzuri wake uko ndani na mtu hawezi kuujua mpaka asome, sasa atasomaje kitu ambacho hajui hata kama kipo?

Na usitegemee duka. Mi hapa Morogoro nilipeleka nakala ishirini za kitabu changu kwenye duka moja, nikaambiwa acha tu dada zitatoka, nikakaa miezi minane nikarudi, nikazikuta nyuma ya marimu ya karatasi na kamba niliyofungia sijui hata kama iliguswa. Wala simlaumu sana yule baba, yeye anaishi kwa madaftari na vitabu vya kiada, Januari shule zikifunguliwa ndo anapata hela yake. Riwaya ya Kiswahili ya mtu asiyejulikana nani ataiulizia? Atakayeiulizia ni yule uliyemwambia wewe.

Halafu usione kama ni mambo ya vijana wa siku hizi. Ben Mtobwa tuliyekuwa tunamsoma kwa tochi bwenini alifika mpaka kuwa na kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko. Nairobi kule mwandishi David Maillu miaka ya 1970 alianzisha kampuni yake, Comb Books, akawa anatoa vitabu vyake mwenyewe, wasomi wakamsema weee, hapa kwetu vikapigwa marufuku, lakini watu walivisoma kweli kweli. Hao hawakukaa ndani kusubiri kizuri kijiuze.

Sasa nikwambie yaliyonipata mimi, maana hapa ndo kuna somo. Mwanzoni nilikuwa na blogu, unaikumbuka, naandika vijistori vyangu taratibu. Mwaka 2018 zikaja zile kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu akatakiwa leseni, laki moja ya kuomba, milioni ya kuanzia na milioni nyingine kila mwaka, mshahara wa ualimu unaujua, nikafunga. Ada zilikuja kupunguzwa baadaye, kwa hiyo wewe kabla hujafungua waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wenyewe inakuwaje sasa hivi. Mimi nikahamia Facebook na WhatsApp, na kitabu kilipotoka nikafanya kosa ambalo nakuomba usilifanye. Miezi mitatu mizima nilikuwa naposti picha ya jalada, bei na namba ya simu. Asubuhi jalada, jioni jalada, mpaka grupu la ukoo shangazi akaniuliza mwanangu una shida gani. Walionunua walikuwa ndugu, na walinunua kwa kunionea huruma, iliniuma sana.

Siku moja Ijumaa nikaamua kuweka sura ya kwanza yote, bila bei wala namba. Nikaikatia pale mama anapokuta mlango wa jikoni uko wazi na yeye aliufunga. Shoga, mpaka Jumamosi asubuhi komenti zimejaa "muendelezo jamani", watu siwajui hata mmoja! Nikaweka ya pili, ya tatu, na mwisho wa ya tatu ndo nikasema kitabu kizima kipo, elfu kumi. Wiki ile nilienda stendi mara nne kutuma vifurushi kwa basi, Mwanza, Mbeya, viwili vikaenda Unguja kwa ndugu wa dada mmoja aliye Muscat akapelekewe huko. Nakala kumi na saba. Najua kwa wengine ni chache, lakini wale kumi na saba walikitaka kitabu, hawakunihurumia.

Kuna Mmarekani anaitwa Andy Weir, mawakala wa waandishi walikuwa wameshamkataa huko nyuma, akawa anaiweka riwaya yake ya The Martian kwenye tovuti yake bure, sura moja moja. Wasomaji wakamwomba aiweke Kindle, kule Amazon wanakouza vitabu vya kielektroniki, ili waisome vizuri, akaiweka kwa senti 99 za dola, zikatoka nakala 35,000 ndani ya miezi mitatu. Mwaka 2014 mchapishaji mkubwa akaitoa, 2015 ikawa filamu. Kitu ilikuwa iko bure na bado watu wakalipia! Sikwambii na wewe itakuwa hivyo, nakwambia kuonjesha hakumalizi chungu.

Ila onjesha tu. Usimtumie mtu yeyote PDF ya kitabu kizima, hata akikulilia, hata akisema ni wa kanisani kwenu. Sura yangu moja niliikuta kwenye grupu jingine ina jina la mtu mwingine juu, nililia. Siku hizi jina langu naliweka mpaka katikati ya maandishi. Na usijifungulie akaunti ya bandia ukajisifia, najua kuna wanaofanya hivyo, msomaji akigundua hatakuamini tena hata ukiandika ukweli mtupu. Akitokea anayesema kitabu kibaya mwache, usibishane naye.

Kingine, toa siku moja tu kwa wiki kwa hayo mambo. Mi ilifika mahali nikawa nahesabu laiki usiku kucha na riwaya ya pili imekaa ukurasa wa arobaini tangu Ramadhani.

Basi nitumie sura yako ya kwanza kesho, ile ya bibi na mashua, nikuonyeshe ninapodhani ni pa kuikatia. Na nakala tano niwekee, tatu nataka kuwapa walimu wenzangu. Zipakie basi la Jumamosi uandike namba yangu juu ya boksi kwa maka peni, nitazifuata stendi mwenyewe. Hela nakutumia leo jioni, na usinipunguzie bei.

Wako wa bweni moja,
mimi